Ada ya kibali cha mashindano ya uvuvi imepanda mara tano: tulipe, tugome au twende kortini?

"Assalaam aleikum mzee wangu. Mimi ni katibu wa kilabu kidogo cha wavuvi wa mshipi hapa Mombasa. Kila mwaka kaskazi ikishatulia tunafanya mashindano ya siku moja: boti 24, kila boti yatoa kiingilio cha shilingi 2,500. Mwaka juzi kibali tulilipia shilingi 6,000. Safari hii tumekwenda afisi tukaambiwa ni 30,000, wala hakuna aliyetueleza sababu. Wanachama wamechemka. Wengine wasema bahari ni ya Mungu, tena kila mmoja ana leseni yake, kibali cha nini? Wengine wataka tutoke bila kibali, tukiulizwa tuseme tumekutana tu huko nje. Na samaki wetu karibu wote twawarudisha majini, hatumalizi kitu. Sheria yasemaje? Twaweza kukataa?"

Waaleikum salaam mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikachukua kalamu. Boti 24 kwa shilingi 2,500 ni 60,000. Kibali cha 6,000 kilikuwa kikila fungu moja katika kumi ya mfuko wenu. Hiki cha 30,000 chala nusu. Nusu inayosalia ndiyo inunue vikombe, ipike pilau, ijaze mafuta boti ya uokozi na imlipe anayeshika mizani. Kwa hivyo hasira za wanachama wako zina hesabu ndani yake. Atakayekwambia elfu thelathini si kitu kwa watu wenye boti, huyo hajaiona boti moja ya faiba iliyonunuliwa na jamaa watatu kwa kuchangishana.

Niseme pia nilikotoka. Kabla ya kustaafu nilikaa miaka mingi upande wa pili wa meza hiyo, upande wenye muhuri. Mtanisikia nikiwatetea, na pale mlipokosea nitawaambia.

Tulitoe kwanza hili la bahari ni ya Mungu. Ni kweli, na hakuna hakimu atakayelipinga, lakini halitawafaa. Katiba ya 2010, Kifungu cha 62, imeiweka bahari yetu ya karibu, maili 12 za baharini kutoka pwani, pamoja na sakafu yake, katika ardhi ya umma. Ya umma maana yake si yenu peke yenu. Ni ya mwenye ngalawa wa Mtongwe, ni ya watoto wanaoogelea ufuo wa Pirates, ni ya meli inayoingia Kilindini. Penye wengi lazima pawe na mpangaji, na mpangaji huyo ndiye anayewadai.

Leseni nayo ni kitu kingine. Wewe una leseni ya kuendesha gari, sivyo? Lakini ukitaka kufunga njia pale Majengo uweke turubali la harusi, leseni yako ya udereva haikusaidii, utakwenda kuomba ruhusa. Leseni ya uvuvi yamhusu mtu na mshipi wake. Kibali cha mashindano chahusu boti 24 kuondoka kwa filimbi moja, kupita mlango mmoja wa mwamba, kurudi kwa wakati mmoja na kujazana ufuo mmoja ambao una wenyewe, watu wa BMU (umoja wa wavuvi unaosimamia ufuo) wanaoshusha samaki wao hapo kila siku. Wanachama wanaosema wanatozwa mara mbili kwa kitu kimoja wamechanganya vitu viwili.

Mwingine kilabuni atawaambia uvuvi uligatuliwa, kwa hivyo serikali ya kitaifa haina lake. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti uvuvi, lakini ulinzi wa mazingira na maliasili, uvuvi ukiwemo, limeuacha kwa serikali ya kitaifa. Ndiyo sababu kuna Huduma ya Uvuvi ya Kenya, iliyoundwa na Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016, na kuna idara ya uvuvi ya kaunti, na zote mbili zina kazi yake. Hukuniandikia ni ipi iliyowadai. Hilo ndilo swali la kwanza mtakalohitaji kulijibu, kwa sababu njia ya kupinga ada ya kaunti si njia ya kupinga ada ya kitaifa. Na ikiwa njia yenu yapita karibu na Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, ile ya mbele ya Nyali na Bamburi, wachoreeni manahodha mpaka kabisa kwenye ramani. Ndani ya hifadhi yenyewe havuliwi samaki hata mmoja, uwe na kibali cha nani.

Sasa nije kwenye samaki, maana hapa ndipo nisipokubaliana nanyi kabisa.

Miaka iliyopita nilisimama kwenye mizani ya mashindano upande wa Likoni. Jamaa mmoja akaleta chewa wa kilo nne hivi, mzuri, madoa yake yameiva, bado anapumua. Akapimwa, akapigwa picha, watu wakamshangilia mvuvi, kisha akarudishwa majini kwa heshima zote. Nikabaki nikimtazama. Alielea kichalichali. Macho yamemtoka, na mdomoni mwake mmechomoza kitu cheupe kama puto: tumbo lake mwenyewe. Hakupita muda kunguru walikuwa juu yake. Kwenye daftari la kilabu aliandikwa "amerudishwa".

Kilichompata si ndoana. Samaki wa mwambani kama chewa na changu ana kibofu cha hewa tumboni kinachomsaidia kukaa kimo anachotaka. Kila mita kumi za maji zaongeza kani ya hewa moja nzima. Samaki aliyekuwa mita 30 chini amebanwa mara nne ya tulivyobanwa sisi huku juu. Ukimvuta haraka, ile hewa ya kibofuni yataka kutanuka mara nne, na haina pa kwenda isipokuwa kusukuma matumbo nje. Huyo hata umbusu, hawezi kuzama tena kwa nguvu zake. Sulisuli na jodari wao ni habari nyingine: hawafi kwa kibofu, hufa kwa kuchoka. Ukimpigisha mbio saa nzima kwa mshipi mwembamba, kisha ukamweka sitahani dakika tatu mpate picha, umemnyima pumzi baada ya mbio. Ndoana ya duara husaidia sana kwa sulisuli kwa kuwa hukamata pembeni mwa mdomo badala ya kumezwa hadi kooni. Kumpima akiwa bado majini na kumpiga picha hapo hapo pembeni mwa boti husaidia zaidi.

Nakueleza haya yote kwa sababu ukiandika kwenye barua ya malalamiko "hatumalizi kitu", afisa anayejua kazi yake ataishika sentensi hiyo moja na hatasoma nyingine. Andikeni mnachofanya: ndoana gani, mnapimia wapi, samaki wa kina kirefu mmewaondoa kwenye pointi au la. Ikiwa bado mnatoa pointi kwa chewa, hilo rekebisheni kwanza kabla ya kwenda kwa mtu kulalamika.

Haya, ada yenyewe. Watu wetu husema "ushuru" kwa kila pesa inayokwenda serikalini, na hapo ndipo hoja nzuri hupotea. Kodi hulipwa tu, hailazimiki kukuonyesha ulichopata. Ada ni tofauti. Kifungu cha 209(4) cha Katiba kinaziruhusu serikali zote mbili kutoza malipo kwa huduma zinazotoa. Lishike neno hilo, huduma. Afisa anakuja kwenye mizani siku ya mashindano? Kuna boti ya doria? Kuna mtu wa kuandika samaki waliovuliwa, aina na uzito? Kuna aliyekagua majaketi ya kuokolea? Enzi zangu, kusema kweli, mara nyingine hakuja mtu. Tulipiga muhuri, tukachukua pesa, na siku ya mashindano tulikuwa nyumbani. Mara nyingine tulikwenda watu wawili tangu alfajiri na mafuta tukanunua sisi. Ada ya 6,000 kwa siku hiyo ya pili ilikuwa hasara kwa serikali, na kwa siku ile ya kwanza ilikuwa pesa ya bure. Hoja yenu isiwe kwamba elfu thelathini ni nyingi. Ulizeni elfu thelathini zinalipia nini.

Kisha ulizeni karatasi. Kifungu cha 210 kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni itakayowekwa, kusamehewa au kubadilishwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Tazama kinavyokata pande mbili. Afisa hawezi kuamka asubuhi akapandisha. Lakini pia hawezi kuwapunguzia kwa sababu ni majirani zake, hata mkimlilia. Pale sheria inaporuhusu msamaha, kila msamaha lazima uandikwe na sababu yake, na taarifa iende kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Basi zile juhudi za "tumtafute mtu anayemjua bosi" ziacheni. Zinamtia mtu matatani na mwaka ujao mko palepale.

Karatasi yenyewe hutegemea ni afisi ipi iliyowadai. Ikiwa ni ada ya kaunti, yapaswa kuwemo kwenye jedwali la Sheria ya Fedha ya kaunti, ambayo bunge la kaunti huipitisha kila mwaka baada ya wananchi kupewa nafasi ya kusema. Nafasi hiyo si ya mapambo: mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ikiwa ni ada ya kitaifa, itakuwa kwenye kanuni zilizochapishwa katika Gazeti Rasmi, na Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013 yataka wanaoguswa washauriwe, tena kanuni zifikishwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao tangu kuchapishwa. Zisipofikishwa, zinakufa. Karatasi iliyobandikwa mlangoni kwa selotepu si mojawapo ya hizo mbili.

Namna ya kuiomba ni rahisi na haina gharama ya wakili. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa afisi siku 21 kukujibu. Andika kwa jina lako wewe raia, ukijitaja kuwa katibu wa kilabu, na usizidishe maneno: "Naomba nakala ya sheria au kanuni inayoweka ada ya shilingi 30,000 kwa kibali cha mashindano ya uvuvi, tarehe ilipoanza kutumika, na maelezo ya huduma zinazogharimiwa na ada hiyo." Basi. Usitie hasira, usitie historia ya kilabu. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Wakinyamaza, malalamiko yako yaende kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman.

Kwa uzoefu wangu barua kama hiyo huleta moja kati ya majibu matatu. Huenda ukaletewa ukurasa wa gazeti ukiwa na ada hiyo wazi, hapo mtajua mnapigana na sheria, si na mtu. Huenda ukaambiwa kulikuwa na kosa, kwamba mliwekwa kwenye fungu la mashindano makubwa ya boti za kitalii. Nimeliona hilo likitokea, na kiwango kikarudi chini bila kelele. Au hakuna jibu kabisa, na ukimya huo una uzito wake mbele ya hakimu.

Sasa lile wazo la kutoka bila kibali. Nalielewa, lakini silipendi hata kidogo, na si kwa sababu ya muhuri. Boti 24 zenye namba za mashindano ubavuni, vikombe mezani na matokeo kwenye kundi la WhatsApp haziwezi kuwa watu waliokutana tu. Boti ikizuiwa na walinzi wa pwani, ni boti ya mwanachama itakayozuiwa, si ya kilabu, na siku anazokaa bila boti hakuna wa kumlipa. Baya zaidi ni ajali. Kaskazi nayo ina siku zake, mawimbi hujipanga mlangoni maji yakipwa wakati wa bamvua, nawe wajua ni mlango gani ninaousema. Boti ikipinduka siku hiyo, kampuni ya bima itauliza kibali kabla ya kuuliza majeruhi. Na mwenyekiti na katibu ndio watakaoitwa kuandika taarifa. Katibu ni wewe.

Kugoma kabisa kwaweza kufaa ikiwa vilabu vyote vya pwani vitagoma pamoja, toka Shimoni hadi Watamu. Kilabu kimoja cha boti 24 kikikosa mashindano, hakuna afisi itakayoona pengo. Watakaoona ni vijana wenu.

Kwa mwaka huu, kama muda umebaki mfupi na wafadhili wameshaahidi, mimi ningelipa huku nikipinga. Lipeni, mchukue risiti, na siku hiyo hiyo mpeleke barua ya kusema mmelipa ili mashindano yasikwame lakini hamkubali uhalali wa kiwango mpaka mwonyeshwe sheria yake. Mkilipa kimya kimya miaka mitatu, wa nne hakuna atakayeamini kwamba mlikuwa mkipinga. Malipo ya huduma za serikali ya kitaifa yapitie eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, namba 222222. Kaunti nayo ina njia yake rasmi. Mkiambiwa mtume kwa namba ya simu ya mtu, hiyo si ada, na msitume.

Korti ipo, lakini hesabuni. Mahakama hutaka kwanza mmalize njia za ndani, yaani mmeandika, mmekata rufaa pale sheria ilipoweka rufaa, mmenyimwa. Na wakili wa kesi ya kikatiba hatawagharimu elfu thelathini. Kesi kama hiyo ina maana vilabu na BMU kadhaa zikishikana, na karatasi ikiwa haipo kweli. Ikiwa karatasi ipo na ilipitishwa sawasawa, mtapoteza, na mtakuwa mmepoteza kwa ada mliyoiona kubwa tu.

Njia ninayoipenda mimi ni kwenda na pendekezo mkononi. Ada moja kwa mashindano yote ni mbaya hata kama ni halali, kwa sababu inawaua wadogo na haiwagusi wakubwa. Katika jimbo la Minnesota huko Marekani, ambako mashindano ya uvuvi wa maziwani ni mengi, sheria huipanga ada kwa ngazi: mpaka ni boti 50, na huongezeka ikiwa samaki wanabebwa kwenda kupimiwa mbali na maji. Tazama akili iliyomo. Anayebeba samaki mbali anawaua zaidi, basi analipa zaidi. Anayepimia palepale analipa kidogo. Nanyi pendekezeni hivyo hivyo: ngazi ya chini kwa mashindano ya boti chache yenye wavuvi wa hapa, kupimia pembeni mwa boti na bila pointi za samaki wa mwambani. Zaidi ya hayo, ahidini kitu ambacho afisi hainacho: orodha ya kila samaki aliyeshikwa, aina, urefu, saa, kina na alirudishwaje. Taarifa za wavuvi wa mshipi wa burudani ni chache, na watafiti wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, wako hapa hapa Mkomani. Kilabu kinacholeta daftari safi kila mwaka si rahisi kukitoza kama kilabu kisicholeta kitu.

Kuna pahali ambapo jibu la kuandika kama hili halitoshi, na utalazimika kuonana na mtu ana kwa ana. Mwanachama akipewa samansi au boti ikizuiwa, msiandike maelezo yoyote kituoni kabla ya wakili kuwasikiliza. Msio na uwezo wa wakili, Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, kina afisi hapa Mombasa. Mkiwa mna mkataba na mfadhili unaotaja tarehe, mpeni wakili ausome kabla ya kuahirisha. Na kabla ya kufanya bahati nasibu ya kuchangisha hiyo ada, kama vilabu vingi vinavyopenda, ulizeni, maana hiyo nayo ina kibali chake na adhabu zake si ndogo.

Jambo moja zaidi, nalo nimelirudia kwa vilabu hadi nimechoka. Nyinyi hulalamika Novemba, lakini ada huzaliwa Mei. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Makadirio ya kaunti hufika bungeni kabla ya Aprili kwisha, na mswada wa fedha hujadiliwa miezi inayofuata. Hiyo ni kusi. Boti zenu ziko juu ya magogo zikikwanguliwa chaza, hakuna anayetoka, mko barazani mkinywa kahawa. Mikutano ya wananchi hutangazwa magazetini wakati huo, na mimi nimekaa kwenye kumbi ambazo katika ukurasa wa uvuvi hakusimama mtu hata mmoja. Msomaji aliusoma, akauliza kama kuna maoni, akafungua ukurasa wa vibanda.

Barua ya siku 21 ipeleke wiki hii. Likija jibu, niletee nilione, na uje na hilo daftari la mwaka jana, nataka kuona mliandika chewa wangapi.